Nadharia za mji wa Marekani: ipi ikufae, na kwa swali gani

Anayetaka kuuelewa mji wa Marekani hukutana na nadharia zinazovutana. Mmoja atamwambia kwamba umbo la majengo ndilo linalojenga au kuharibu tabia za wakazi. Mwingine atasema mji hukua wenyewe, kwa mawimbi ya wahamiaji na ushindani wa ardhi. Wa tatu atamwambia atoke aende barabarani akaangalie watu. Wa nne atamtandikia mezani sheria, ramani za mikopo na mipaka ya manispaa. Wote wana hoja, na maneno yao yote yamewahi kutumika kuamua nani abomolewe nyumba na nani aachwe. Kwa hiyo kuchagua kati yao si suala la mtihani wa chuoni peke yake.

Hapa nazilinganisha kwa kuzipa zote kazi moja: zinieleze kilichotokea Pruitt-Igoe.

Kesi yenyewe

Mjini St. Louis, jimbo la Missouri, kati ya mwaka 1954 na 1956, zilikamilika nyumba za serikali katika maeneo mawili yaliyopakana. Pruitt ilipewa jina la Wendell Pruitt, rubani mweusi wa Vita vya Pili vya Dunia. Igoe ilipewa jina la William Igoe, mbunge mweupe wa mji huo. Majina hayo hayakutolewa kwa bahati: upande mmoja ulikusudiwa watu weusi na wa pili weupe, mpaka ubaguzi huo ulipopigwa marufuku na mahakama wakati ujenzi ukiendelea. Kwa jumla yalikuwa majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, yenye nyumba 2,870. Aliyeyachora ni Minoru Yamasaki, ambaye baadaye alichora minara pacha ya World Trade Center kule New York.

Mwaka 1957 nyumba zilijaa kwa asilimia 91. Kufikia 1971 walibaki watu wapatao 600 katika majengo 17, na mengine 16 yalikuwa yamezibwa. Mwaka 1972 serikali ilianza kuyalipua kwa baruti mbele ya kamera, na ilipofika 1976 hakuna lililosalia.

Tuingie ndani ya jengo moja. Lifti haikusimama kila ghorofa. Ilisimama ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Mkazi wa ghorofa ya 6 alishuka ya 7 kisha akateremka kwa ngazi na mizigo yake na watoto wake. Sababu ya kwanza ilikuwa kubana gharama. Ya pili ilikuwa nia njema: kila ghorofa ambayo lifti ilisimama ilikuwa na ukumbi mrefu wenye madirisha, upana futi 11 na urefu futi 85, pamoja na chumba cha kufulia, ili watoto wacheze pale na wazazi wapate mahali pa kukutana. Magazeti ya usanifu yalisifu michoro hiyo. Baada ya miaka michache lifti zilikuwa zikikwama, balbu zikiungua hazibadilishwi, ngazi zikawa mahali pa kuvizia watu, na kumbi zile wakazi wakazikimbia.

Ni nini kilichoua mtaa ule?

Umbo la jengo

Jibu lililoenea haraka ni kwamba jengo ndilo lenye kosa. Waandishi wa usanifu waliuchukua mlipuko wa 1972 kuwa ndio mwisho wa usanifu wa kisasa wa zege na minara. Hao siwahesabu sana, kwa sababu walikuwa wakigombana kuhusu mitindo. Mwenye hoja nzito alikuwa Oscar Newman, msanifu aliyewahi kufundisha Washington University, iliyoko St. Louis kwenyewe, na ambaye alitoa nadharia yake mwaka uleule wa 1972.

Hoja yake inashikika. Nafasi isiyo na mwenyewe haitunzwi wala hailindwi. Pale Pruitt-Igoe aliona kwamba kibaraza cha ngazi kinachotumiwa na familia mbili kilikuwa kisafi, na ukikaribishwa ndani ya nyumba unaikuta imepangwa vizuri. Lakini korido inayotumiwa na familia 20 ilikuwa jalala. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Carr Square Village, nyumba za serikali zilizojengwa chini, zimeungana kwa safu, kila familia na mlango wake. Wakazi wake walikuwa maskini vilevile, lakini mtaa ule ulijaa na ulitulia wakati jirani yake ukisambaratika.

Uzuri wa nadharia hii ni kwamba msanifu anaweza kuifanyia kazi kesho asubuhi. Punguza familia zinazotumia mlango mmoja. Elekeza dirisha la jikoni mahali watoto wanapochezea. Weka kizuizi kifupi kinachoonyesha mpaka wa uwanja. Kwa anayechora ngazi na korido sijaona mwalimu bora.

Udhaifu wake unaonekana ukihamisha macho kwenda miji mingine. Huko Bronx, New York, kuna Co-op City: minara 35, mirefu kuliko ya Pruitt-Igoe, na nyumba 15,372, iliyojengwa kati ya 1968 na 1973. Kwa kipimo cha umbo peke yake ingekuwa imekufa zamani, lakini ipo na watu wanaishi. Tofauti ni kwamba Co-op City ni ushirika. Wakazi wana hisa, na mwaka 1975 gharama zilipopandishwa waligoma kulipa kwa miezi 13 hadi wakapata usimamizi wa mtaa wao.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi. Mjini Minneapolis, mtaa wa Cedar-Riverside, kuna minara ya zege yenye vibao vya rangi nyekundu, njano na buluu, kazi ya Ralph Rapson, iliyofunguliwa 1973. Leo inaitwa Riverside Plaza. Mnara mrefu kuliko yote una ghorofa 39, na nyumba zote ni 1,303. Wakazi wengi leo ni watu wa Afrika Mashariki, hasa wenye asili ya Somalia na Ethiopia, na baadhi yao walipitia kambi za wakimbizi za Kenya kabla ya kufika huko. Mambo si shwari siku zote, ila mtaa una maduka, misikiti na biashara, na mwaka 2010 majengo hayo yaliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, kisha yakafanyiwa ukarabati mkubwa. Zege ni la kizazi kilekile cha Pruitt-Igoe. Kilichotofautiana ni nani analipia matengenezo, na kama fedha hiyo ipo.

Nadharia ya umbo ina hatari moja ambayo lazima anayeichagua aijue. Ukishaamini kwamba jengo ndilo gonjwa, dawa inayokuja kichwani ni kulibomoa. Kuanzia 1992 serikali ya shirikisho ilitoa fedha kupitia mpango ulioitwa HOPE VI kubomoa nyumba za serikali na kujenga nyumba fupi za watu wa vipato mchanganyiko. Huko Chicago majengo 28 ya Robert Taylor Homes, ya ghorofa 16 kila moja, yalikwisha kuondolewa yote kufikia 2007, na mnara wa mwisho wa Cabrini-Green ukafuata mwaka 2011. Sharti la kujenga nyumba mpya ya serikali kwa kila iliyobomolewa lilikuwa limesimamishwa na Bunge mwaka 1995. Maelfu ya familia walipewa hati za ruzuku ya pango wakatafute pa kwenda. Mitaa mipya ni mizuri kuitazama, na ina milango mingi inayotazama barabara kama Newman alivyotaka. Wengi waliokuwa wakikaa pale awali hawakurudi.

Mji kama kiumbe: shule ya mawazo ya Chicago

Miaka ya 1920, Robert Park na Ernest Burgess wa Chuo Kikuu cha Chicago walijaribu kuusoma mji kama mwanabotania anavyosoma msitu. Mchoro wa Burgess wa 1925 ni miduara mitano. Katikati kuna eneo la biashara, kinachofuata ni ukanda wa mpito wenye viwanda na wahamiaji wapya, kisha makazi ya wafanyakazi, kisha ya wenye nafuu, na nje kabisa wanaosafiri kila siku kwenda kazini mjini. Kundi jipya huingia katikati na kulisukuma la zamani nje.

Kwa Pruitt-Igoe watakuambia hivi: wazungu walihamia vitongojini, weusi kutoka majimbo ya kusini wakashika nafasi zao katikati ya mji, majengo yakachakaa kama yanavyochakaa katika ukanda wa mpito. Mwendo wenyewe ulikuwepo kweli. St. Louis ilikuwa na watu 856,796 mwaka 1950, na 622,236 mwaka 1970. Minara ilijengwa kwa ajili ya mji uliotarajiwa kuongezeka, na badala yake mji ukapungua.

Shule hii ina zawadi moja kubwa: ilifundisha watafiti kutoka nje, kuhesabu, kuhojiana na watu na kuchora ramani. Lakini ndani ya miduara ile hakuna serikali. Hakuna sheria, hakuna benki, hakuna mtu aliyekatazwa kununua nyumba. Watu weusi wa Chicago wa wakati ule hawakuweza kusogea duara kwa duara kama Wairishi na Wapolandi, kwa sababu hati za nyumba za nje ziliwakataza kwa maandishi.

Jambo linalonifanya nisiipendekeze kama nadharia ya kwanza ni safari yake ya kuingia serikalini. Homer Hoyt, mwanauchumi aliyesoma palepale Chicago, mwaka 1933 alitoa utafiti kuhusu thamani ya ardhi ya mji huo ambamo alipanga makundi ya watu kwa daraja kulingana na athari yao kwa bei za ardhi, weusi na Wameksiko wakiwa chini kabisa. Mwaka uliofuata aliajiriwa na mamlaka ya shirikisho ya nyumba, FHA, iliyokuwa na kazi ya kudhamini mikopo ya nyumba nchi nzima, na akawa mchumi wake mkuu wa masuala ya makazi. Chuki ya soko iliyokuwa inaelezwa tu ikageuka mwongozo wa mikopo. Mikopo nayo ikazalisha miji inayofanana na maelezo yale, na waliofuata wakaisoma miji hiyo kama ushahidi kwamba nadharia ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Barabara na macho ya watu

Jane Jacobs hakuwa msanifu wala profesa. Alikuwa mwandishi aliyekaa Hudson Street, mtaa wa Greenwich Village, New York, na mwaka 1961 alitoa hoja iliyotikisa wapangaji wa miji wote. Alisema mtaa unahitaji mambo manne: shughuli mchanganyiko zinazotoa watu nje kwa saa tofauti, vitalu vifupi vya majengo vyenye kona nyingi, majengo ya umri tofauti ili hata biashara changa imudu pango, na watu wa kutosha. Usalama, kwake, huletwa na mwenye duka, mama dirishani na wapita njia kabla haujaletwa na polisi.

Alipigana pia. Mpinzani wake alikuwa Robert Moses, mtu aliyeshika mamlaka nyingi za barabara na bustani za New York kwa miongo kadhaa bila kuchaguliwa hata kwenye kiti kimoja. Mpango wa Moses wa kupitisha barabara kuu ya magari juu ya Manhattan ya chini, uliokuwa ubomoe sehemu kubwa ya mtaa wa SoHo wa leo, ulizimwa na wakazi waliojipanga, Jacobs akiwa miongoni mwa viongozi wao.

Akiletwa Pruitt-Igoe atakuonyesha mara moja kisichokuwepo: duka hakuna, kinyozi hakuna, barabara za kawaida zimefutwa na kuwa nyasi kati ya minara, na usiku hakuna sababu ya mtu yeyote kupita pale ila mkazi na mwizi. Maelezo hayo nayakubali. Pia si haki kusema, kama wengine wanavyosema, kwamba hakujali fedha. Aliandika waziwazi kuhusu mitaa iliyonyimwa mikopo na benki, akitoa mfano wa North End ya Boston, ambako wakazi walikarabati nyumba zao kwa akiba zao na kwa kusaidiana mafundi.

Upungufu wake ni rangi na bei. Greenwich Village alioutetea leo ni wa matajiri. Ukiuweka mtaa uwe mzuri na usiweke ulinzi wa kodi za pango, uzuri wenyewe huwafukuza waliouleta. Na mwanasosholojia Herbert Gans alimkosoa mapema kwa kuyapa majengo na vitalu uzito ambao ungestahili kupewa tabaka na utamaduni wa watu. Ukosoaji huo bado una nguvu.

Sheria, mikopo na mipaka

Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Nadharia ya nne inaanzia hapo. Haijali sana jengo lina ghorofa ngapi. Inauliza nani aliamua lijengwe pale, nani alikatazwa kuishi kwingine, na bili ya fundi wa lifti inatoka mfuko gani. Tufuate makaratasi ya St. Louis mwaka kwa mwaka.

Mwaka 1876 mji ulijitenga na kaunti yake na mipaka yake ikagandishwa. Wakati ule ulionekana ushindi, kwani mji ulikuwa tajiri na haukutaka kuwabeba wakulima wa pembeni. Karne iliyofuata utajiri ulihamia ng'ambo ya mpaka na mji haukuweza kuufuata. Kaunti ya St. Louis ikagawanyika kuwa manispaa karibu 90, kila moja na kodi zake na kanuni zake za ujenzi, na nyingi na polisi wao.

Mwaka 1916 wapiga kura wa St. Louis walipitisha kwa kura ya moja kwa moja sheria ya kutenga mitaa ya weusi na weupe. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Louisville, Kentucky, ilibatilisha sheria za aina hiyo. Wenye nyumba wakahamia kwenye hati: wakaandika masharti kwamba nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Kesi iliyoyavunja nguvu masharti hayo mwaka 1948, Shelley dhidi ya Kraemer, ilihusu nyumba ya Labadie Avenue, hapohapo St. Louis.

Katikati ya hayo, mwaka 1926, Mahakama Kuu ilikuwa imezipa manispaa idhini ya kugawa ardhi kwa kanda za matumizi, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Hukumu ile ililiita jengo la nyumba za kupanga kuwa ni kupe tu katika mtaa wa nyumba za familia moja moja. Ukitafuta sababu ya vitongoji vya Marekani kuwa nyumba moja kwenye kiwanja kimoja kwa maili na maili, anzia kwenye hukumu hiyo kabla hujazungumzia utamaduni wa magari.

Kisha mikopo. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba liitwalo HOLC, lililoundwa 1933, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 kwa rangi nne: kijani kwa mitaa bora, buluu, njano, na nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa hatari. Mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu karibu kila mahali. Uzito mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa wa FHA, kwa sababu mwongozo wake wa udhamini ulipendekeza masharti ya ubaguzi kwenye hati na kuwanyima udhamini wakopaji wa mitaa iliyochanganyika. Familia nyeupe ya mfanyakazi wa kiwanda ikapata mkopo wa miaka mingi wenye riba nafuu kununua nyumba mpya kitongojini. Familia nyeusi yenye mshahara uleule haikupata, ikabaki kupanga.

Sasa Pruitt-Igoe. Sheria ya nyumba ya 1949 ilimlipa mjenzi, haikumlipa mtunzaji. Serikali ya shirikisho ilitoa fedha za kujenga, huku matengenezo yakitegemea kodi za wapangaji. Yamasaki alikuwa amependekeza mchanganyiko wa majengo marefu na mafupi. Maofisa wa shirikisho wakakataa kwa sababu ya gharama, na minara yote ikawa sawa. Vita vya Korea vikapandisha bei za vifaa, vitasa na vioo vikawa vya bei rahisi kupita kiasi. Mji ukaendelea kubomoa makazi ya weusi kwingineko: Mill Creek Valley, mtaa wa watu wapatao 20,000, ulianza kusafishwa mwaka 1959. Waliobomolewa walielekezwa, miongoni mwa mahali pengine, kwenye minara ile. Wenye kipato kidogo cha ziada wakahama. Sheria za misaada nazo zilifanya iwe hatari kwa mama anayepokea msaada kuishi na mwanamume mwenye afya ndani ya nyumba. Wapangaji wakapungua, makusanyo yakapungua, lifti hazikutengenezwa, kodi zikapandishwa kwa waliobaki, na baadhi walikuwa wakilipa zaidi ya nusu ya kipato chao. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za serikali za St. Louis walifanya mgomo wa kodi wa miezi tisa, na mwaka huohuo Bunge likaweka kikomo cha robo ya kipato. Ilikuwa haki yao, lakini ilikuja bila fedha ya kutosha ya kuziba pengo la matengenezo.

Na ili usidhani haya yaliishia kwa kizazi cha zamani: mwaka 1970 kitongoji cha kaskazini mwa kaunti hiyo kilijiandikisha kuwa manispaa, kikajiita Black Jack, na mara moja kikapiga marufuku ujenzi wa majengo mapya ya nyumba nyingi, kwa kuwa mradi wa nyumba za kipato cha kati ulio wazi kwa watu wa rangi zote ulikuwa umepangwa pale. Serikali kuu ilikishitaki, na mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikasema kanuni ile ni ubaguzi. Manispaa nzima ilikuwa imeundwa kuzuia mradi mmoja. Mtu anayeangalia umbo la majengo peke yake, akipita Black Jack, ataona nyumba za kawaida na nyasi zilizokatwa.

Nadharia hii nayo ina kasoro. Ukiishika peke yake unaweza kuwageuza wakazi kuwa watu wa kufanyiwa tu. Haikuelezi kwa nini ngazi moja ilikuwa safi na korido ya pili chafu ndani ya jengo lilelile, jambo ambalo Newman analieleza vizuri. Na inadai kazi: kusoma hukumu, bajeti na kumbukumbu za mabaraza ya madiwani, vitu ambavyo havina picha za kuvutia.

Nani anatawala

Ndani ya upande huu wa siasa kuna ugomvi mdogo unaostahili kujulikana. Floyd Hunter aliichunguza Atlanta, na mwaka 1953 akasema mji unaendeshwa na kikundi kidogo cha wafanyabiashara wanaojuana. Robert Dahl akaichunguza New Haven, Connecticut, na mwaka 1961 akajibu kwamba madaraka yametawanyika, kila jambo na wakubwa wake. Kwangu Hunter yuko karibu zaidi na ukweli wa ardhi. Mwaka 1976 Harvey Molotch alisogeza hoja mbele: wamiliki wa ardhi, magazeti, benki na wanasiasa wa mji wanaweza kugombana katika mengi, lakini wanakubaliana katika moja, kwamba mji ukue na ardhi ipande bei. Akauita mji mashine ya ukuaji. Hoja hiyo ni fupi, na ukiishika husomi tena habari ya uwanja mpya wa mpira kwa macho yaleyale.

Shule ya Los Angeles, iliyoibuka miaka ya 1980 na watu kama Edward Soja na Mike Davis, inasema Chicago imepitwa na kwamba mji wa Marekani hauna tena kitovu. Ina mambo ya kweli kuhusu mageti, kamera na manispaa zinazonunua huduma kutoka kaunti, mtindo ulioanzia Lakewood mwaka 1954. Ila mara nyingi inaufanya mji mmoja wa ajabu kuwa kielelezo cha yote. Iache mpaka uwe umeshika nyingine.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama wewe ni msanifu na una mradi wa nyumba za ghorofa mezani, anza na Newman, lakini kabla ya kuchora ngazi uliza mfuko wa matengenezo ni wa nani na unajazwa na nini. Ukijibiwa kwamba utajazwa na kodi za wapangaji maskini peke yao, mwambie mteja ukweli sasa.

Kama unatetea mtaa usibomolewe, Jacobs ndiye wa kubeba. Anakupa lugha ambayo diwani anaielewa na jirani anaielewa. Ongeza dai la ulinzi wa wapangaji, kwa sababu hilo yeye hakulifikisha mbali.

Mwanafunzi wa sosholojia au jiografia hawezi kuikwepa Chicago, na asiikwepe. Aisome pamoja na habari za Hoyt na FHA, katika wiki moja.

Kwa wengine wote, hasa mwandishi wa habari, mwanasheria na anayesoma mipango miji, nasema bila kusita: anzeni na sheria, mikopo na mipaka. Ndiyo pekee iliyoweza kuieleza Pruitt-Igoe pamoja na Co-op City, iliyoanguka na iliyosimama.

Ndugu aliyehamia Marekani na anatafuta pa kukaa anaifaidi nadharia hii ya nne kuliko mtu yeyote. Mitaa miwili inayotenganishwa na barabara moja inaweza kuwa manispaa mbili na wilaya mbili za shule, na shule zinategemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo lake. Kabla hujasaini mkataba wa pango, jua anwani ile iko manispaa gani na wilaya gani ya shule. Ramani za HOLC zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Richmond, mtu yeyote anaweza kuzifungua. Ukilinganisha na mtaa wa leo utaelewa kwa nini nyumba zinazofanana zina bei tofauti.

Na kwa wasomaji wa Tanzania wanaotaka kuzitumia nadharia hizi nyumbani, kuna tahadhari. James Rossant, msanifu wa New York aliyepanga mji mpya wa Reston, Virginia, ndiye pia aliyeitwa kuchora kitovu cha makao makuu Dodoma. Michoro husafiri kirahisi, ila sheria za ardhi zinabaki kwao. Reston ilijengwa na kampuni binafsi juu ya ardhi iliyonunuliwa, kwa mikopo, ndani ya kaunti inayotegemea kodi ya majengo. Dodoma iko kwenye nchi ambayo ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mtu hupata haki ya kuitumia kwa muda hadi miaka 99. Mashine ya ukuaji ya Molotch ikiletwa Dodoma au Dar es Salaam itabidi ibadilishwe wahusika: badala ya mwenye shamba na gazeti lake, utawatafuta wapima, maofisa ardhi, madalali na kamati zinazogawa viwanja. Swali lenyewe, nani anafaidika ardhi ikipanda bei, linabaki lilelile, na majibu yake yako kwenye masijala za ardhi na mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani.